Kinywa Kilichosafishwa

Miaka ile ya soko huria, maduka ya dawa yalifumuka Bariadi kila kona, na vidonge vya fangasi viliuzwa kimoja kimoja kama sigara. Mdogo wangu, mjane aliyerudi kutoka Binza kuuguzwa na mayu, mama yetu, alivimeza hivyo hivyo, leo viwili, wiki ijayo kimoja. Mwanzoni utando mweupe kinywani uliondoka. Baadaye ukagoma, ukashuka kooni, hata uji ukawa haupiti.

Mimi nilikuwa maabara ya hospitali. Darubini yetu ilionyesha fangasi tu, basi. Ili kujua dawa gani bado inawaua, sampuli ilibidi iende Mwanza, waoteshwe kwanza, ndipo wajaribiwe kwa dawa moja moja. Mayu akamleta, nikapitisha kijiti chenye pamba kinywani mwake, kikapanda basi.

Majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoota. Nikawatukana watu wa Mwanza kimoyomoyo. Tukarudia, yakawa yale yale, na mgonjwa anazidi kwisha.

Safari ya tatu nikaenda nyumbani mwenyewe asubuhi, bila taarifa. Nikamkuta mayu amempakata binti yake, anamsugua ulimi kwa kitambaa, chumvi na dawa ya kusukutulia. Machozi yanamtoka mtoto wa watu. Kumbe ndiyo maana Mwanza hakikuota kitu: fangasi walisuguliwa na kuuawa kabla kijiti changu hakijawafikia.

"Nimpeleke mbele za watu na kinywa kichafu?" mayu akaniuliza. "Watasema hana mama."

Ningemgombeza vipi? Kwetu mgonjwa hatoki nyumbani bila kuogeshwa, kupakwa mafuta na kufungwa khanga safi. Nikamwomba asimguse kinywa hadi kesho yake, nikarudi nikachukua sampuli pale pale kitandani.

Majibu yalipofika tulikuwa tumeshazika. Safari hii fangasi walikuwa wameota. Vidonge vya dukani havikuwatikisa, ila dawa nyingine iliwaua, na dawa hiyo Mwanza ilikuwepo. Nililia mbele ya wagonjwa, aibu yote ikaniisha.

Jioni mayu akaniuliza taratibu kama wale wa Mwanza walipata dawa.

"Hawakupata, mayu."

Akashusha pumzi. "Basi ni Mungu tu alimtaka."

Nikaitikia kwamba ni Mungu. Mpaka leo nyumbani kwetu kifo kile ni cha Mungu, nami nimemwachia akibebe, maana mayu asingekiweza.