Picha za Baba Ulaya

Nilimtembeza baba Paris na Brussels kwa jasho la saluni, kule Overport, mjini Durban, ambako nilisuka vichwa vya watu mpaka vidole vikafa ganzi. Kaka yangu anaishi Brussels. Hakuja hata stesheni kutupokea, na simu akazima. Baba hakumlaumu. Chini ya ule mnara wa Paris alivuta tumbo ndani, akanifokea, "Rudi nyuma, we! Utanikata miguu!" Picha zote nilipiga mimi, na hata moja simo.

Tuliporudi Durban, Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Mtoto yangu ile iko Ulaya amenitembeza!" Wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga makofi, ningefanyaje?

Baada ya ibada kina mama walimzunguka, wakipokezana simu yake. Mmoja akasema, "Papa, unapendeza! Nani alikupiga picha?"

Nilikuwa ubavuni pake, nimembebea koti na Biblia. Mzee akanitazama usoni, macho makavu.

"Ni mtu tu," akasema. "Alikuwa anapita."