Tumefika Mwezi Gani

Enzi zetu, Azaiba ilikuwa mchanga, miti ya ghafu, na nyumba chache ambazo ungezihesabu zote ukipanda juu ya tangi la maji. Sisi tuliokuja na wazee wetu kutoka Afrika tuligombana mtaani kwa Kiarabu na kupatana nyumbani kwa Kiswahili. Mliokulia hapa Maskati miaka ile mtakumbuka: redio juu ya friji, vitumbua vya alasiri vimefunikwa kawa, na sauti ya mama kutoka jikoni akitangaza kwamba atakayeingia na mchanga miguuni ataulamba punje kwa punje.

Nyuma ya ukuta wetu lilipita wadi. Nieleze kidogo, maana najua wengine mnasoma mkiwa mbali na huku. Wadi ni njia ya maji isiyokuwa na maji. Ni changarawe na mawe kutoka milimani mpaka baharini, kavu karibu mwaka mzima, na watu hupita ndani yake kama barabara. Siku mvua ikinyesha mlimani, hata kama kwako jua linawaka, maji huja kwa mkupuo, yakabeba kila yanachokikuta, na kesho yake unakuta madimbwi tu. Ndiyo maana hatusemi wadi linatiririka. Tunasema wadi limeshuka. Baba alikuwa na amri moja tu kuhusu wadi: mkiona jabali limevaa wingu jeusi, tokeni, msiulize.

Kaka yangu Suudi alinizidi miaka mitatu. Baba alimnunulia baskeli nyeusi ya watu wazima, na mwanzoni aliiendesha kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, mwili upande huu na baskeli upande ule, kama kaa. Miguu yake ilipofikia pedeli, mimi nikapata makao kwenye karia. Kengele yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kengele nikawa mimi. Akinigusa kwa kiwiko, napiga kelele mbuzi wanatawanyika.

Mwaka mmoja Baba alirudi kutoka kazini na kalenda, zawadi ya Wafaransa waliokuja kufunga mitambo. Picha kumi na mbili, zote za mto mmoja. Miti mirefu imejipanga kama askari, nyumba za mapaa ya kijivu, ng'ombe weupe, na mwezi wa Mei kulikuwa na baskeli imeegemezwa kwenye daraja la mawe, mwenyewe haonekani. Chini ya kila picha pameandikwa kwa Kiarabu: Wadi al-Luwar. Ni bonde la mto Loire, lakini tungejuaje? Katika Kiarabu cha vitabu, wadi ni bonde lolote, lenye mto au lisilo na mto. Hayo niliyajua ukubwani, nikayafundisha miaka mingi katika madarasa ya jiografia. Kwa watoto wa Azaiba wadi lilikuwa jambo moja tu, lile la nyuma ya ukuta.

Basi Suudi akazitazama picha zile, maji yamejaa ukingo kwa ukingo kila mwezi, akatoa hukumu. Mpiga picha alikuwa na bahati, kila alipofika alikuta wadi limeshuka. Siku nyingine zote Wafaransa wanapita ndani na baskeli zao, kama sisi.

Bibi, aliyekulia Pangani mahali mto unapoingia baharini, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nyie watoto, huo ni mto. Mimi nnaujua mto. Mto haushuki. Mto upo."

Suudi akamjibu kwamba mto anaoujua yeye upo kitandani, anaulalia kila siku. Bibi akamrushia kubadhi na hakumkosa. Lakini hatukumwamini. Maji yapite mchana na usiku bila kwisha, yanatoka wapi?

Tukaamua kwamba tukikua tutakwenda Luwari na baskeli, tulipite wadi lote, mwezi kwa mwezi, kabla halijashuka. Kwa mazoezi tukaligawa wadi letu. Mdomoni, karibu na bahari, ndipo Januari. Mti wa ghafu uliopinda ulikuwa Machi. Aprili ilikuwa changarawe nene, mbaya kwa karia, hapo nilishuka nikatembea huku kokoto zikiingia kwenye ndara, naye akatangulia na kuningoja kwenye jiwe kubwa tulilolipa jina la Mei, kwa sababu baskeli iliweza kuegemea. Nikitokea, huku ninahema, aliuliza kama ofisa wa mpakani: "Tumefika mwezi gani?" Nisipojibu sawasawa sipandi. Alikuwa akiningoja kila mara, na vitumbua tulivyovifunga kwenye kitambaa hakuvigusa mpaka nifike. Vilikuwa na mchanga ndani. Sijala tena vitumbua vitamu kama vile.

Alasiri moja tulikuwa tumefika Julai, mbali kuliko siku zote. Jua kali, anga ya buluu juu yetu. Mlima hatukuutazama. Suudi alisikia mwanzo, mlio kama wa lori linamwaga kokoto. Akageuka. "Zuwe, toka! Limeshuka!" Mimi nikaikimbilia baskeli. Akanikamata msuko wa nywele, akaniburuta kupanda ukingo huku nikilia na kumtukana, na tulipofika juu maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa tayari yamepita pale niliposimama. Yalibeba mti mzima na mtungi wa gesi. Baskeli sikuiona hata kuondoka kwake.

Baba hakutupiga. Aligusa kichwa changu mahali nywele zilipong'oka, akasema baskeli zipo nyingi. Baada ya hapo wadi likawa marufuku, na mimi baskeli pia, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuwa mkubwa. Agosti hadi Disemba hatukuziona.

Tukakua, naye akapata kazi kiwandani Rusayl, mimi shuleni. Ndoa, watoto, maziko ya Bibi, maziko ya Baba. Safari ya Luwari tuliiahirisha kama watu wanavyoahirisha kupaka rangi ukuta, bila uchungu, kwa sababu ukuta upo. Lakini kila Idi Suudi alipokuja kwangu alisimama mlangoni, hata salamu bado, akauliza: "Tumefika mwezi gani?" Nami humjibu, "Julai," ndipo anaingia. Wanangu walidhani ni aina ya Kiswahili cha Pangani.

Idi moja alisimama mlangoni akaingia kimya. Nikamwambia mwenyewe, kwa utani, "Julai." Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni wa jirani, akasema, "Julai kuna joto sana."

Madaktari waliupa jina ugonjwa wake. Mimi haraka yangu niliipa jina la Luwari. Nikajifunza tena baskeli nikiwa na miaka sitini na moja, kwenye njia ya pwani hapa Azaiba, katikati ya vijana waliovaa nguo za kubana kama ndizi zilizomenywa nusu, kila mmoja na saa ya kumwambia moyo wake unadundaje. Sisi wetu tuliusikia masikioni, bila saa. Lakini walikuwa wema, waliniinua nilipoanguka wakaniambia, "Twende, khala," yaani mama mdogo, "unaweza." Na niliweza. Wewe unayedhani umri umekupita, nakuhakikishia magoti yanakumbuka.

Tukaenda Ufaransa majira ya kuchipua, na baskeli ya kukodi ya watu wawili. Mimi mbele, kaka nyuma. Njia ilipita juu ya tuta kando ya mto, tambarare, na nilikuwa nimepanga siku kumi na mbili, kila siku mwezi wake. Siku ya Januari aliimba. Februari tulikula jibini kando ya njia akanitilia kipande kikubwa mimi. Ng'ombe walikuwepo, weupe vilevile, na miti imejipanga vilevile. Siku ya tatu aliniuliza, bila mimi kumchokoza, kama tumepita ghafu lililopinda. Nililia nikiwa mbele, asione.

Siku ya nne asubuhi mto ulikuwa umejaa. Mvua ilinyesha mahali huko juu, na maji yaliyokuwa ya kijani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Gogo lilikuwa linapita. Nilisikia pedeli za nyuma zimeacha kuzunguka. Kisha mkono ukanishika mtandio pamoja na nywele, tukaanguka pamoja.

"Zuwe, toka! Limeshuka!"

Aliniburuta kuteremka tuta, kupita majani, mpaka ndani ya shamba la mizabibu, akanilalia juu. Nami nikafanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nikamweleza. Taratibu, kwa mikono, nikiwa nimekaa kwenye matope. Kwamba huu si wadi. Kwamba neno ni moja lakini vitu ni viwili. "Kaka, mto haushuki. Mto upo." Nimewaeleza hayo mamia ya watoto ambao hawajawahi kuona mto, na wote walielewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Halijapita bado. Tungoje lipite."

Tukangoja. Yeye hakuyaondoa macho kwenye maji, wala mkono wake kwenye mtandio wangu. Tulikaa tangu asubuhi mpaka alasiri, tukingoja mto uishe.

Hatukuendelea. Nilimrudisha Maskati, na tangu hapo amekwenda mbali upesi. Daktari amenihakikishia kwamba safari haikumzidishia. Yeye ni mtaalamu, mimi sibishani naye. Najua tu kwamba nilimpeleka mahali alipopapenda kuliko pote duniani, nikamkutanisha hapo na hofu yake kubwa kuliko zote.

Mkiwa na ndugu mliyeahidiana naye safari, nendeni, hata ikiwa ni Qurayyat kula samaki na kurudi. Nendeni angali anajua mnakwenda wapi. Hilo ndilo somo pekee nililobaki nalo, na kwangu mimi halinisaidii.

Sasa anaishi nyumbani kwangu. Wadi limejengewa kuta za zege na juu yake kuna daraja la magari, limeshuka au halikushuka hatujui tena mpaka tusome kwenye simu. Asubuhi hukaa barazani, kiti cha pembeni yake kitupu. Mercy, Mkenya anayemhudumia, ndiye wa kwanza kugundua kwa nini. "Mama, mzee amekataa kukunywa chai," aliniambia. "Anasema hadi dadake mdogo afike."

Nikatoka, nikakaa kwenye kile kiti. Vitumbua vilikuwa mezani, hajavigusa. Suudi akanitazama kwa adabu ileile ya mlangoni.

"Samahani, mama, hapo pana mtu. Namngoja mdogo wangu."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Yuko nyuma, Aprili," akasema. "Anakuja kwa miguu. Changarawe nyingi pale."

Nikamwambia ni mimi. Nikamtajia ghafu, msuko, mtungi wa gesi. Nikamwambia, "Tumefika Julai, kaka." Akatikisa kichwa kama mtu asiyependa kumwaibisha mwongo, akageuka kutazama njia.

Zamani aliningoja kila mwezi, na kila mara nilifika. Siku hizi nimekaa naye bega kwa bega tangu asubuhi, vitumbua vinapoa, na bado ananingoja.