Mkaratusi wa Shemeji

Mume wa dada yangu ni fundi seremala, na mtaa mzima unamwita Daktari wa Mbao. Jina hilo hakujipa mwenyewe, ingawa siku hizi ukimwita kwa jina lingine anachelewa kugeuka. Alilipata kwa namna anavyonunua mbao. Mafundi wenzake wanatazama, wanapatana bei, wanapakia. Yeye anauegemeza ubao ukutani, anafumba macho, anaugonga kwa kifundo cha kidole juu, katikati na chini, sikio kalitega kama anasikiliza siri ya ukoo. Kisha anatoa hukumu: "Huu una wadudu." "Huu ulilala kwenye maji." Wauza mbao wakimwona kwa mbali wanaanza kuapa kabla hajafungua mdomo. Na haki yake nimpe, hakosei. Kitanda alichonitengenezea nilipoolewa kipo mpaka leo, ndoa ndiyo haipo.

Sasa mtu mwenye masikio ya namna hiyo alikuwa na mkaratusi nyuma ya nyumba yake, na huo hakuwahi kuugonga hata mara moja.

Nyumba yao imekaa hivi. Mbele, kwenye barabara, kuna karakana. Ubavuni mwake, mbele vilevile, kuna chumba chao cha kulala chenye dirisha la kutazama wapita njia. Inafuata sebule. Nyuma kuna ua, na uani ndiko ulikokuwa mkaratusi, mrefu kuliko nguzo za umeme. Chini yake shemeji alijenga chumba kimoja cha nyongeza, bati karibu liguse shina. Chumba hicho ndicho alichopewa mama yetu mzazi alipovunjika nyonga na kushindwa kukaa peke yake. Mama anatembea kwa gongo lile la miguu minne walilompa hospitali. Kutoka kitandani mpaka mlangoni kwake ni safari, na katikati anapumzika. Kwa hiyo nikipandisha sauti huko mbele mnivumilie. Aliyekuwa analala chini ya ule mti ni mama yangu.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Miguu imegoma lakini mikono haijagoma, basi kutwa yuko uani kwenye kiti anakunja nguo za nyumba nzima. Kamba ya kuanikia ilifungwa kutoka kwenye shina la mkaratusi mpaka kwenye ndoano ya ukuta wa nyumba kubwa. Siku moja akaona shuka zinaburura chini. Shemeji akaja, akaikaza kamba, akamsema dada kwa kufua mablanketi mazito. Haukupita muda, shuka zikaburura tena. Akaikaza tena, safari hii akailaumu kamba kwamba ni ya plastiki. Akanunua ya katani. Nayo ikalegea.

"Kamba haijarefuka," mama akasema. "Mti ndio unaokuja."

Niwaeleze jambo moja kuhusu shemeji. Ni mtu wa heshima mno, hajibizani na mama mkwe. Anamjibu kupitia kwa dada yangu, hata wakiwa watatu wamekaa magoti yanagusana.

"Mwambie mama," akasema, "miti yote hufuata jua."

"Mwambie mumeo," mama akajibu, "jua liko upande wa pili."

Dada yangu hakumwambia mtu kitu. Yeye ni mpole, amezaliwa hivyo, sehemu yake ya ukali nilipewa mimi.

Ikawa hivyo kila ninapokwenda kumsuka mama, maana mimi ni msusi na kichwa cha mama hakiguswi na mwingine. Mama anaonyesha kidole, shemeji anatoa maelezo. Shinani ukaota uyoga mgumu, mpana kama visahani vilivyopangwa. Mwambie mama hiyo ni rutuba. Upande wa mbali na nyumba, udongo ukaanza kuinuka na kupasuka. Mwambie mama ni ukame. Upande huohuo ndiko shemeji alikochimba shimo la maji machafu, akakata mizizi minene kama paja, na akajisifu mtaa mzima kwamba mizizi yenyewe ameichonga ikawa mipini ya majembe. Kileleni matawi yakabaki makavu, hayana jani. Mwambie mama mti nao una msimu wake. Mchana mmoja, bila upepo wowote, tawi likaanguka juu ya bati la mama kwa kishindo, chai ikamwagika kifuani mwake.

"Mwambie mama," akasema shemeji, "mti mzuri hujipogoa wenyewe."

Jamani! Nilimkata jicho ambalo lingemchana. Akanivuta pembeni, karakanani, akapunguza sauti kana kwamba tunapanga njama.

"Shemeji, wewe mtu mzima, utanielewa. Mama hana shida na mti. Anakitaka chumba cha mbele."

"Chumba kipi?"

"Chetu! Chenye dirisha. Alishasema kina hewa. Leo mti unainama, kesho mti una uyoga, keshokutwa mimi na dada yako tuko uani na yeye yuko dirishani anasalimia watu. Nawajua wazee. Hiyo ni siasa."

Sikujua nicheke au nimpige na randa yake. Mtu anaambiwa mti utamwangukia mama mkwe, yeye analinda dirisha!

"Haya," nikamwambia. "Huo mti ungekuwa ubao sokoni, ungeununua?"

"Mti ulio hai haugongwi."

"Nani amesema?"

"Ni utaalamu, shemeji. Huwezi kuelewa."

Nikamwacha na utaalamu wake, nikarudi jikoni kuosha vitana. Dirisha la jikoni linatazama uani. Mama alikuwa ameingia ndani kujinyoosha, dada kaenda dukani. Nikamwona shemeji anatoka taratibu, anaangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Akausogelea mkaratusi. Akafumba macho. Akagonga juu, pakasikika mlio wa kawaida. Akagonga katikati, akakunja uso. Akapiga magoti, akagonga chini kabisa, karibu na ule uyoga, na mimi nisiyejua mbao wala msumari nikausikia mlio kutoka jikoni. Ndoo tupu. Akagonga tena, kama mtu anayesoma upya jina lake kwenye matokeo. Halafu akabaki pale, kiganja kimelala kwenye gome.

Niliogopa, lakini nikafurahi pia. Nikasema moyoni, sasa yamekwisha, ataingia aseme. Akaingia. Akaomba chai. Akainywa yote.

"Vipi mti?" nikamuuliza.

"Mzima," akasema. "Chuma kitupu."

Nikaondoka nimefura, na ninakiri kwamba niliubamiza mlango.

Nilipokuja mara nyingine nilikuta ua umekuwa mweupe, hauna kitu. Zamani chini ya mkaratusi palijaa samani zilizokamilika, zimefunikwa turubai, zinasubiri wenyewe. Kubwa kuliko zote lilikuwa kabati la milango mitatu la mke wa meneja mmoja, lenye kioo katikati, ambalo shemeji alikuwa akilipapasa kama mtoto mchanga. Kabati halipo. Nikalikuta sebuleni, limesimama kwa kiburi mbele ya televisheni, watu wa nyumba wanapita ubavuubavu.

"Vumbi la majani linaharibu vanishi," shemeji akanieleza kabla sijauliza.

Mbao nazo hazipo. Zimepangwa ukumbini mpaka darini. Hilo nalo ni vumbi, sawa. Nikatoka tena uani. Banda la kuku, ambalo lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba cha mama, halipo. Kuku wako mbele karakanani, wanakunya kwenye maranda.

"Kuku wanahitaji jua," akasema.

Hapo ndipo nilipochemka. "Shemeji! Kabati limehama. Mbao zimehama. Kuku wamehama, hata yule tetea anayekula mayai yake mwenyewe. Mama yangu yuko wapi?"

"Punguza sauti."

"Mama yangu yuko wapi?"

"Mama yuko chumbani kwake anapumzika. Mgonjwa hahamishwi ovyo ovyo, shemeji, mifupa haitaki purukushani. Na mti ni mzima, nimeshasema."

Angekuwa hajui, ningemsamehe siku hiyohiyo. Ujinga haukasirishi sana. Lakini huyu alijua. Alijua vizuri kuliko mama na mimi na mtaa mzima, akawaokoa kuku, akamwacha mama, kwa sababu kumhamisha mama kungekuwa kukubali kwamba mama alisema kweli.

Hatukumwona dada amesimama kwenye mlango wa sebule. Alikuwa na mwiko mkononi. Akautazama ua mtupu, akautazama mti, akamtazama mumewe, kisha akauweka mwiko juu ya kabati la mke wa meneja, ukiwa na mchuzi wake vilevile. Akaenda nyuma. Akarudi amemshika mama kiwiko, polepole, gongo likigonga sakafu. Walipofika sebuleni gongo likakwama, maana njia imezibwa na kabati. Dada yangu, mpole kuliko maziwa, akaweka bega, akalisukuma kabati likalia sakafuni na kuparuzika ubavu mzima. Shemeji akatoa sauti kama ameparuzwa yeye. Dada akampitisha mama, akamlaza kwenye kitanda chao, akamfungulia dirisha.

Kisha akatoka na mto wa mumewe. "Wewe utalala nyuma."

"Mimi?"

"Si mti ni mzima?"

Mawingu yalikuwa yameshajikusanya tangu saa tisa, na upepo ulikuwa umeanza kupeperusha maranda karakanani. Shemeji akauchukua mto, akatoka uani kwa hatua za mwanaume. Akafika mlangoni mwa kile chumba. Akatazama juu. Mkaratusi ukalia, ule mlio mrefu wa bawaba kavu, na kamba ya nguo ikazama mpaka karibu na ardhi. Akarudi na mto wake.

"Kule kuna mbu."

"Kuna chandarua," dada akasema.

"Kuna joto."

Mvua ya kwanza ilikuwa inadondoka na sote tulikuwa tumejifunga khanga mabegani. Alilala kwenye kiti karakanani, na nasikia kuku walimshangaa.

Mti haukuanguka, Mungu alisaidia. Kulipokucha shemeji mwenyewe alikwenda kuwaita wakata miti, wakaja na kamba na msumeno wa mashine, wakaushusha kipandekipande kuanzia kileleni. Walipofika shinani, msumeno ukazama kama unakata mkate. Ndani hamkuwa na kitu. Mlikuwa na unga wa kahawia tu na sisimizi, na tundu ambalo mkono ungeingia mpaka begani. Wakata miti wakatazamana. Mmoja akauliza nani analala kwenye chumba hiki, na alipojibiwa akavua kofia.

Majirani wakajaa uani. Na Daktari wa Mbao, na watu wamejaa! Wacha we! Akapanda juu ya gogo. Akaanza somo.

"Mti hauui bila kuonya," akasema. "Tatizo letu hatusikilizi. Ukiona uyoga shinani, ujue kuna kuoza. Udongo ukiinuka upande mmoja, mizizi imeachia. Kilele kikikauka, matawi yakianza kuanguka bila upepo, usingoje. Na kamba ya nguo ikilegea kila wiki, ndugu zangu, msilaumu mablanketi."

Watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Jirani mmoja akamuuliza alianza kujua lini.

"Aa, mimi?" shemeji akasema. "Mimi nilijua mapema sana. Niliugonga mara moja tu, nikajua."

Mama tulikuwa tumemtoa uani, yuko kwenye kiti chake, aone. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza hakumtuma dada yangu.

"Ni kweli alijua," akawaambia majirani, kwa sauti yake ileile ya upole. "Nililiona kabati likihama. Kisha zikahama mbao. Kisha kuku. Nikakaa kitandani, nasubiri zamu yangu."