Homa Aliyonipa Baba

Homa ya baba ilikuja na kuondoka ilivyotaka. Alikuwa akikaa mzima miezi kadhaa, akipalilia miti ya muguka, aina ya miraa ya kutafunwa majani, shambani kwetu karibu na Karurumo, kisha asubuhi moja anaamka jicho limevimba, tumbo limekaza, na alama nyekundu begani ikiteremka polepole hadi mkononi. Alikuwa akilala wiki mbili, wakati mwingine tatu. Zahanatini walimpima malaria, wakaikosa, wakampa dawa ya malaria.

Mama aliuita ugonjwa huo uvivu. "Unamshika kazi ikiwa nyingi," aliwaambia majirani, baba akisikia. Siku za homa alimpelekea chakula baada ya kumlisha mbwa. Siku moja alimmwagia maji kitandani, akamkabidhi kikapu cha kuchumia. Baba alienda. Alichuma akiwa amejikunja, akatapika kando ya mti, akaendelea kuchuma.

Mimi homa hiyo ilinipata nikiwa chuoni Nchiru. Niliiona ile alama nyekundu mkononi mwangu nikajua ni nini. Daktari mmoja wa Meru mjini aliniuliza swali ambalo baba hakuwahi kuulizwa: "Nyumbani kuna mwingine anaugua hivi?" Nikamweleza. Akasema kuna homa za kurithi, mwili unajichoma wenyewe bila mdudu wowote. Damu yangu ikapelekwa mbali kupimwa, majibu yakaja vile vile alivyodhani.

Alinipa prednisoloni. "Inafanana na homoni inayotengenezwa na tezi zako zilizo juu ya figo," alisema. "Itazima huo moto. Lakini ukiitumia muda mrefu, tezi zinalala. Ukiacha ghafla, unaweza kufa."

Homa ilishuka siku hiyo hiyo. Ilikuwa ikirudi, nami nikimeza tena, mpaka mashavu yakavimba na uso ukawa wa mviringo.

Nilienda nyumbani na habari hizo nikiwa na furaha. Niliamini zingemtetea baba. Nilimkuta mama akichambua maharagwe, baba akiwa amelala chumba cha ndani, mlango wazi. Nikaeleza kila kitu.

"Kwa hivyo ni ugonjwa kweli," mama akasema.

"Ni ugonjwa, mama."

"Na ni yeye amekupatia."

"Hakujua."

Alipaza sauti ili ifike chumbani. "Mimi nilidhani nimeolewa na mvivu tu. Kumbe alikuja pia kuniharibia watoto." Kisha akanitazama usoni. "Na hayo mashavu usiseme ni kushiba. Akija mtu wa kukuoa, nitamwambia mimi mwenyewe."

Mama alipotoka kwenda kumwaga makapi, baba aliniita kwa sauti ndogo. Hakuuliza kuhusu kurithi wala damu.

"Hiyo dawa," alisema, "inaondoa uchungu kweli?"

Nilimpeleka kwa yule daktari, akaandikiwa zake. Asubuhi baada ya kumeza, alikunywa uji wote, akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Alitembea amenyooka. Sikuwa nimewahi kumwona akitembea hivyo wakati wa homa.

Mama alisimama mlangoni akimfuata kwa macho.

"Umeona?" akaniambia. "Alikuwa anaweza siku zote."

Baba alikuwa bado karibu, na alisikia. Alisimama kidogo, kisha akainama na kuanza kukata.