Jabali Lililoandikwa Jina Langu

Kwanza ijulikane kwamba sikuliandika mimi. Nasema mapema kwa sababu mpaka leo nikienda Takaungu, hakosekani mtu mzima na ndevu zake atakayeniuliza kama rangi imenikauka. Mimi sina subira na maskhara ya namna hiyo, na sikuwa nayo hata nilipokuwa msichana.

Jabali lenyewe liko kwenye mlango wa hori, pale bahari inapoingia nchi kavu. Maji yakijaa linabaki kichwa na mabega. Yakipwa sana unaweza kulifikia kwa miguu, viatu mkononi. Wavuvi walilitumia kujua walipo. Ukiwa baharini ukaliona limeufunika mnazi mrefu ulio nyuma yake, tia nanga, chini yako kuna changu. Likiachana na mnazi, geuza chombo mara moja, la sivyo utakwenda kueleza mbele ya haki. Halikuwa na jina. Walisema "jabali" tu, na kila mtu alijua ni lipi.

Samaki wakishushwa dikoni, pale mashua zinapofikia, waliuzwa kwa mnada, na dalali wa mnada alikuwa baba yangu. Desturi ya pale ilikuwa dalali hafungui bei kabla hajatangaza samaki wametoka wapi, maana changu wa upande huu ana mafuta na wa upande ule ananuka matope, na wachuuzi hawakubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Baba alikuwa na sauti, mashallah. Ilitoka dikoni, ikazunguka msikiti, ikapanda kichochoro chetu na kutufikia jikoni ikiwa bado nzima. Mama alijua bei ya samaki wa mchana kabla hajauliza.

Mwaka wa kisa hiki, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa nimemaliza sekondari na nimeitwa chuo cha ualimu Mombasa. Baba alikubali kwa tabu. Kwetu msichana wa umri wangu alikuwa akingojewa harusi, si chuo. Bibi yangu, yaani mama yake baba, ndiye aliyemkalia shingoni mpaka akasema haya, aende. Lakini ilikuwa "haya" ya mtu anayetafuta sababu ya kuirudisha.

Na sababu akaletewa na binamu yangu.

Huyu alikuwa mtoto wa mjomba, ndugu wa mama, na kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye mashua. Nampa haki yake, mkono alikuwa nao. Herufi zake zilikuwa na kivuli ubavuni na mkia mwishoni, na hapakuwa na chombo Takaungu ambacho hakikupita mikononi mwake. Miezi michache kabla, alimtuma shangazi mmoja kuja kunichungulia moyo, kama ningekubali posa. Nilijibu nasoma kwanza. Nilijibu kwa adabu kabisa, jambo lililowashangaza wanaonijua.

Yeye akaona labda sikumsikia vizuri. Akachukua mkebe wa rangi ya buluu uliosalia kwenye mashua ya mtu, akangoja maji yapwe, akaenda kuliandika jina langu juu ya jabali. Kubwa. Kwa herufi zenye kivuli na mkia.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni napepeta mchele. Nikamsikia baba anauliza kama kawaida yake, "Hawa wametoka wapi?" Na mvuvi mmoja, asiye na haya wala soni, akamjibu kwa sauti ya kupita msikiti, "Tumewapata nyuma ya fulani!" Akataja jina langu. Diko zima likacheka. Baba akanyamaza. Kwa miaka yote niliyoishi katika nyumba ile sijapata kumsikia baba akinyamaza katikati ya mnada. Mama aliweka mwiko chini.

Baba aliporudi hakuvua hata kofia. "Hutoki nje," akaniambia. "Na hicho chuo huendi, mpaka jina hilo lisiwepo."

"Baba, kwani mimi ndiye niliyepanda jabali?"

"Aliyepanda nitamshughulikia. Wewe ndiye uliyeandikwa."

Nilitaka kupasuka. Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi uliofuata, na ukichelewa nafasi inapewa mwingine. Mtu ameliharibu jabali la Mungu, yeye anatembea barabarani anakula miwa, na mimi niliyekuwa nimelala kwetu ndiye niliyefungiwa. Nikasema hivyo, tena nikasema na mengine, na Bibi akanivuta mkono nisije nikayamaliza yote.

Kumtafuta mkosaji hakukuchukua muda. Binamu yangu aliitwa akakana. Akasema miandiko hufanana. Alisema hivyo amesimama mchangani, na nyuma yake mashua zimepangwa mstari mmoja, kila moja ina kivuli kilekile na mkia uleule. Hata baba yake mzazi aliangalia chini.

Basi jioni wanaume wakakaa barazani kwetu kumhukumu, na sisi wanawake tukakaa ndani nyuma ya dirisha, tukisikia yote. Mmoja aliyewahi kuwa karani mahakamani alisema kijana apelekwe Kilifi kwa hakimu. Akaulizwa atashtakiwa kosa gani. Akafikiri sana, akasema angekuwa ameandika ukuta wa mtu ingekuwa rahisi, lakini jabali halina mwenyewe wa kwenda kulalamika. Mjomba akaidaka hapohapo. Akasema ikiwa jabali ni la Mungu, basi aachiwe Mungu, na sisi tukanywe kahawa.

"Shemeji," baba akamwambia, "Mungu hana binti pale."

Mwingine akasema achapwe viboko. Mwenyekiti wa wavuvi akasema viboko vinapoa, afadhali apigwe marufuku asiandike chombo chochote. Hapo wenye mashua wakaguna, kwa sababu mmoja alikuwa anangojea mashua yake mpya iandikwe na hakutaka iingie majini uchi. Ndipo mzee mmoja wa pembeni, aliyekuwa amesinzia muda wote, akazinduka na hukumu yake. Alisema dawa ya moto ni moto: na jina la kijana nalo liandikwe palepale jabalini, kando ya lile la msichana, ili naye aone aibu.

Kisha Bibi akasema kutoka dirishani, bila hata kupandisha sauti, "Hiyo si adhabu, hiyo ni harusi."

Nadhani hapo ndipo walipokumbuka kwamba tupo. Bibi hakuwangojea wamkaribishe. Akawauliza, sufuria ikiungua hupelekwa kwa hakimu? Husuguliwa. Na nani anayesugua? Aliyeiunguza. Kijana achukue mchanga na makumbi ya nazi, aende akalisugue jabali mpaka lirudi lilivyokuwa, na asitumie patasi wala shoka, maana likipungua pua wavuvi watapotea. Na maadamu wanawake wote hupita pale wakienda kuokota chaza, watamwona anasugua kama mwari aliyefunzwa vibaya. Aibu itatoka hapo.

Hapakuwa na aliyepinga. Mjomba alijaribu kusema la kuvunda halina ubani, lakini aliyatamka kama mtu anayejisemea peke yake.

Kazi ikaanza. Na lo, jamani, jiwe la matumbawe lina vitundu kama mkate wa mofa, na rangi ya mafuta ilikuwa imeingia katika kila kitundu. Kisha maji hayamngojei mtu. Angesugua kidogo, bahari imjie magotini, arudi nchi kavu. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, hakulifikia kabisa. Mimi nilikuwa dirishani nahesabu moyoni siku za chuo, na yeye kila akipita kurudi kwao namuuliza, "Leo umelisugua au umelipapasa?"

"Binamu, mikono imechubuka."

"Ingechubuka kabla."

Alisimama siku moja chini ya dirisha akaniambia hakukusudia ubaya. Alitaka tu kila mtu anayeingia Takaungu kwa bahari aanze kwa kuliona jina langu. Nikamwambia kama alitaka kunipenda angenipenda kwenye karatasi, mimi ni msomi. Aliondoka ameinamisha kichwa, na mama akanigombeza kwamba nina ulimi wa upupu. Ninao.

Tena balaa haliji peke yake. Kumbe jabali likishaandikwa mara moja, kila mpita njia anaona ameruhusiwa. Watu waliokuja kutembea siku za mapumziko kutoka Kilifi wakaongeza majina yao kwa makaa. Mzungu mmoja kutoka hoteli za Malindi akachora moyo na mshale. Vijana wa mpira wakaandika timu yao na mabao waliyofunga, ambayo sote tulijua hawakuyafunga. Binamu yangu akaja barazani analia kwa kweli: mimi niliandika jina moja, hawa wengine nawasugulia kwa nini? Bibi akamjibu kwamba aliyefungua mlango ndiye anayefagia. Mimi nilikuwa bado nina hasira naye, lakini siku ile nilimwonea huruma kidogo, nikamtumia maji ya ukwaju kwa mkono wa mama. Sikusema yametoka kwangu.

Ukafika mwezi wa chuo. Siku za mwisho za bamvua, maji yalipopwa mpaka mbali, baba mwenyewe alikunja msuli wake mpaka magotini, akashika viatu mkononi, akaenda kukagua. Alilizunguka jabali, akalikwaruza kwa kucha, akanusa kidole. Aliporudi alisema limetakata. Nilikwenda kuukung'uta mkoba wangu siku ileile.

Kesho yake, mnadani, mvuvi akashusha kapu la changu. Baba akauliza wametoka wapi. Na mvuvi, maskini, hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyokwisha kuzoea. "Nyuma ya fulani," akasema. Akataja jina langu, na safari hii hakucheka mtu. Wachuuzi waliitikia tu, kwa sababu walijua ni changu wa mafuta.

Baba alirudi nyumbani, akaketi. "Jina bado lipo," akasema.

"Liko wapi? Si umekwenda mwenyewe ukaliangalia?"

"Liko vinywani."

Nikamwambia hayo si mapatano. Nikamwambia yeye ni dalali, na dalali habadilishi bei mtu akishalipa. Bibi akamuuliza taratibu, "Mwanangu, na vinywa vya watu utavisugua kwa makumbi?" Nikaenda chumbani nikalia mpaka macho yakavimba, na silii ovyo mimi. Nafasi yangu ilikuwa imebakiwa na usiku mmoja tu. Ningekosa gari la kesho, la kesho kutwa lingenifikisha kwa wenzangu waliokwisha kuanza, na kwa mwalimu mkuu ambaye tayari amempa mwingine kitanda changu.

Asubuhi nilikuwa jikoni napepeta mchele, mkoba umelala kitandani na nguo ndani yake, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuzitoa. Mnada ukaanza. Nikazisikia mashua zikishusha, nikaisikia sauti ya baba ikiuza tafi, ikauza kolekole. Kisha kukawa na kusitasita huko. Walikuwa wameleta changu, nadhani, na mvuvi hakuthubutu kusema wametoka wapi. Wachuuzi wakaanza kupiga kelele: wa wapi hao, tangaza wa wapi, hatununui bila kujua. Bibi alitoka uani akasimama mlangoni mwa jikoni, mkono kiunoni.

Ndipo baba akatangaza. Sauti yake yote, haikupungua hata kidogo ilipopita msikiti.

"Changu hawa wametoka nyuma ya Mwalimu!" Akataja jina langu. Na baada ya jina langu akataja jina lake, binti wa fulani, kama linavyotajwa kwenye mambo ya heshima. Kisha akafungua bei.

Kwa wale wasiojua mnada, nieleze. Dalali akishatangaza kitu mbele ya watu, hakirudi. Akisema nguru ikawa si nguru, hasara ni yake na jina lake linakufa siku hiyo. Na baba alikuwa amekwisha kutangaza mbele ya diko zima kwamba ana binti mwalimu, nami sikuwa nimekanyaga hata geti la chuo. Bibi aliniangalia akasema, "Umesikia? Kafunge mkoba."

Sikuweza kufunga chochote. Nilibaki nimesimama na ungo mkononi, nalia tena, mchele wote chini.

Baba aliporudi alipita bila kuniangalia, akaning'iniza kofia msumarini. Akaniuliza kama nimekula. Akasema nile sasa hivi na nivae, maana gari la Mombasa halimngojei mtu, na mwalimu hafiki kwa wanafunzi wake amechelewa.