Niliiambia AI ifupishe madaftari ya mama mkwe, akaniuliza watu wake wako wapi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kibomet, Kitale. Mnaonijua humu mnajua mimi ni mtu wa kubishana, sio wa kulia. Hii ya leo ilinitoa machozi, na sijaongeza chumvi hata punje. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na mwenyewe ameniruhusu niandike.

Kazi yangu ni cyber. Natype CV, barua za kupeleka kwa chifu, na sana sana historia za marehemu za kusomwa matangani.

Tangu hizi AI zije nazitumia kila siku. Mtu analeta CV ya kurasa sita, inatoka mbili. Mchungaji analeta mahubiri, yanakuwa ujumbe mfupi wa group ya kanisa. Nilikuwa nimejiona fundi, bana.

Sasa mama mkwe.

Anaishi nje kidogo ya Kimilili, na kwa miaka mingi amekuwa mtu wa mbegu za mboga za kienyeji: managu, saga, mrenda, mito. Kuna kikundi cha akina mama kumi na wanne wanaomtegemea. Kila msimu wanakutana kwake, anafungua daftari, anawaambia nani apande nini na vipi. Yote ameandika kwa mkono, madaftari kumi na moja, tangu mke wangu Nekesa akiwa mtoto mchanga.

Mwaka jana macho yakaanza kumsumbua. Tukampeleka kwa daktari Bungoma, tukaambiwa ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa na dawa ya matone.

Alipokea dawa akaanza kuitumia. Lakini mvua zilipokaribia, aliwaambia wale mama wasije.

"Mimi siwezi fundisha kitu siwezi soma," alimwambia Nekesa. "Nitadanganya watu."

Madaftari akayafunga kwa gunia, akaomba jirani ayapandishe darini. Nekesa alirudi Kitale amenyong'onyea, hata chai hakunywa. Akaniambia mama amefunga maisha yake kwa gunia.

Nikaona hii ni kazi yangu.

Kwa wasiojua: mimi si Mbukusu, nimeoa huko tu. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawasalimiani kwa mkono na hawaketi kochi moja. Ni heshima. Kwa hivyo nilipofika Kimilili mimi nilikaa sebuleni na simu, mama akakaa jikoni ya nje, na Nekesa akawa anabeba maneno kati yetu. Msicheke, kazi ilienda.

Jirani aliyashusha madaftari kutoka darini, nami nikapiga picha kila ukurasa. Nyingine zina madoa ya chai, nyingine panya wamekula pembeni. Mwandiko ni mzuri, lakini amechanganya Kiswahili, Kiingereza na Kibukusu ndani ya sentensi moja.

Niliipa AI picha nikaiambia iandike maneno yalivyo.

Wakuu, ilisoma! Mwandiko wa mama wa kijijini, kalamu imefifia, na ilisoma. Kibukusu ilikuwa inabahatisha, Nekesa akawa anasahihisha. Mimi nilifanya hiyo kazi kati ya mteja na mteja, karibu wiki mbili.

Halafu ufundi ukanipanda kichwani. Nikaandika prompt: nipe mwongozo mfupi, safi, wa kitaalamu, ondoa yasiyohusu kilimo.

Ikanipa kurasa tisa. Vichwa, hatua, jedwali. Nikatengeneza na kalenda ya kupanda, nikaifanya isomwe kwa sauti kwenye simu. Nilijiona nimefika.

Jumapili tukaenda. Mama aliketi mlangoni, mimi kiti cha mbali, Nekesa akashika simu. Mama alisikiliza kama dakika tano, kisha akainua mkono.

"Mwambie Baba Wafula asante sana. Lakini hii kitabu si yangu. Watu wangu wako wapi?"

Baba Wafula ndiye mimi, ananiita kwa jina la mtoto wetu. Nilidhani hajaelewa. Nikamwambia Nekesa amuulize ni watu gani.

Akaeleza polepole. Kwake mbegu haijulikani bila mtu aliyeitoa. Hajawahi kuandika "saga" peke yake. Ameandika "saga ya Mama Sela, alinipa siku tumetoka kuzika shemeji yake, inachelewa kutoa maua." Mbegu yako ikikataa, unajua ubishe mlango wa nani. Managu ikiwa chungu, unajua ilitoka shamba gani na udongo gani. Zile hadithi nilizoona ni takataka ndizo zilikuwa maelezo yenyewe.

Na mimi ndiye niliyeiambia mashine izifagie. Ilitii tu.

Niliona haya. Nikakumbuka historia za marehemu nilizofupisha pale cyber ili zitoshe ukurasa mmoja. Sijui niliwaondolea watu nini.

Nikarudi Kitale nikaanza upya. Safari hii niliipa maandishi yote nikaiambia: usiondoe mtu hata mmoja, neno lake libaki neno lake. Kisha badala ya kuiamuru, nikaanza kuiuliza.

Niliuliza ni mbegu gani ilitoka kwa nani, na baadaye ikaenda kwa nani. Ikapita madaftari yote kumi na moja nikiwa sijamaliza kumpa mteja chenji yake. Ikaniambia ile mboga ya mito iliyokauka shambani kwa mama miaka mingi iliyopita, aliwahi kumpa mbegu yake mwanamke wa Moi's Bridge. Daftari la nne.

Hizi vitu hudanganya bila aibu, kwa hivyo nilirudi kwenye picha. Ilikuwa pale, pembeni mwa ukurasa, kwa mkono wake. Nilisimama nikashika kichwa. Nekesa akamtafuta yule mwanamke kupitia watu wa kanisa, na unajua nini? Bado anaipanda. Alitutumia kikombe kizima cha mbegu.

Kutoka kwa maandishi yale yale nikatoa voice note fupi ya kila mboga kwa group ya akina mama, na karatasi za herufi kubwa za kubandika kwenye chupa za mbegu. Kwa mama mwenyewe, madaftari yote yamesomwa kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Akiuliza swali, simu inatafuta na kumsomea jibu lake mwenyewe.

Wale mama wakaitwa tena. Walikuja kumi na wawili, wawili walikuwa na msiba.

Mmoja akasema mrenda yake imekataa kuota. Mama akaiuliza simu, nayo ikasoma: "Mrenda inakataa kuota. Mama Raeli wa kule mtoni anasema nifunge mbegu kwa kitambaa, nichovye kwa maji moto, nitoe haraka. Nimejaribu. Ni kweli."

Mama Raeli alikuwa ameketi hapo hapo! Alifunika uso kwa leso, wenzake wakampigia vigelegele. Mama mkwe alifundisha mpaka jua likageuka.

Lakini iliyonimaliza ilikuja walipoenda. Simu ilikuwa bado inasoma, daftari la kwanza. Imemaliza kueleza jinsi ya kuosha mbegu za managu na kuzianika kivulini, ikaendelea bila kupumua:

"Leo hakuna kazi. Mvua tangu asubuhi. Baba Nekesa ameteleza kwa matope na kuni zake, tumecheka mpaka mtoto akaamka. Nimepika kunde na maziwa."

Baba mkwe alifariki kabla sijaoa. Sijawahi kusikia mama akimtaja ila kwa ugonjwa wake.

"Rudisha hapo," akasema.

Nekesa akarudisha. Mara tatu.

"Kumbe nilikuwa na furaha," mama akasema. "Nilikuwa nimesahau kabisa."

Nekesa alianza kulia. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia mahindi.

Nilichojifunza ni kwamba hii AI inaweza kugeuza maandishi yako kuwa chochote unachotaka, na bado inanishangaza mpaka leo. Lakini haijui cha kuacha na cha kubakisha. Kabla hujaiambia ifupishe, muulize mwenye maandishi ni wapi pasiguswe. Nimeenda kuangalia ule mwongozo wangu safi wa kurasa tisa. Ile siku ya mvua haimo.

Haya, nimemaliza, semeni nanyi. Nani ana madaftari ya mzazi yamefungwa mahali? Na kama kuna anayejua namna ya kuifanya isome Kibukusu bila kuyumba, anisaidie, kwa sababu mama ameanza daftari la kumi na mbili. Anaongea, Nekesa anaandika.