Madoa ya Wakesho

Mafuta ya kukamulia ng'ombe yana harufu nzito, na kwetu Sagalla hakuna ng'ombe aliyewahi kuyafaidi kama mdogo wangu Wakesho. Kiangazi kile mimi, Mghoi, nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda kilima na dumu la maji mgongoni, kamba ikinikata paji la uso, lakini beseni la kwanza lilikuwa lake. Mimi nilioga mabaki, yenye povu. Kisha Mama alimpaka mafuta polepole, akibusu kila doa la kahawia lililotapakaa mgongoni na tumboni mwake. Ngozi yangu ilikuwa safi kabisa, na hakuna aliyeibusu.

Basi Mama akitoka, niliyasugua yale madoa kwa kidole gumba. Nilidhani nitayafuta, na mabusu yaishe. Badala yake yalivimba kama yameumwa na siafu, Wakesho akalia, na Mama akarudi mbio kumbembeleza zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Mama hakujua kwamba ni mimi.

Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Mama anamchoma mtoto kwa kijiko cha moto. Nyanya hakupenda. "Mama Mghoi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mpeleke Voi."

Huko kliniki, muuguzi alimgeuza Wakesho huku na huku, akauliza ni nani aliyemchoma.

"Sijamchoma, sista. Yalitokea yenyewe akiwa na miezi minne."

Muuguzi akasema lazima chifu aelezwe, na mtoto akae kwanza kwa shangazi yake. Nakiri nilifurahi: niliona beseni la kwanza likirudi kwangu. Kisha nikamwona Mama akimfunga Wakesho mgongoni kwa leso, fundo juu ya fundo, ili asichukuliwe.

"Si moto," nikasema. "Ukiyasugua yanafura. Mimi huyasugua."

Daktari mzee wa meza ya pili akainuka, akasugua doa moja kwa mpini wa kalamu, akatazama saa. Likafura. "Ala! Kasichana haka kametushinda sote," akacheka. Alimweleza Mama kwamba ni chembe za mzio zilizojikusanya ngozini, kwamba kwa watoto wengi hufifia wakikua, na kwamba yasisuguliwe tena. Mama akalia kwa furaha, akamkumbatia Wakesho.

Leo nina diploma ya utabibu niliyojilipia mwenyewe Nairobi kwa kufua nguo za watu. Nimerudi, na watoto wenye madoa huletwa kwangu kutoka Mwatate hadi Mahoo. Nasugua mara moja, taratibu, nangoja. Yasiyofura nayahesabu na kuyapima, maana yakiwa mengi na makubwa huenda ni ugonjwa mwingine, na nikiyatilia shaka namtuma mtoto kwa mabingwa. Wapo wenye digrii, waliosomeshwa na baba zao, wanaonipigia simu kuniuliza. Nimemjengea Mama tangi la maji mlangoni. Wakesho huja Krismasi, ngozi nyororo, bila alama hata moja. Mama hubandika sufuria, humimina beseni la kwanza, kisha huita kwa sauti ile ile, "Wakesho, maji tayari!"